Ubao Uje Mwisho: Mwongozo Kamili wa Kununua Vifaa vya Kwanza vya Snoubodi

Novemba iliyopita mpwa wangu, aliyekuja hapa Calgary, Kanada, kutoka Tanga kwa masomo, alinitumia saa tano usiku picha ya snoubodi, yaani ubao wa kutelezea kwenye theluji. "Shikamoo mjomba. Huyu anauza dola 200, vifungio viko juu yake. Nichukue?" Vifungio ni vile vinavyoshika buti kwenye ubao. Ubao ulikuwa unapendeza, mweusi wenye michoro ya machungwa, haujachubuka sana. Ulikuwa na urefu wa sentimita 158 na aina ile pana, yaani ubao wa mwanamume mzito mwenye mguu mkubwa. Mpwa wangu ana kilo 58 na anavaa kiatu namba 38. Nikamwambia asilipe chochote, aje Jumamosi tukae.

Nilimzuia kwa sababu kosa hilo nalijua. Msimu wangu wa kwanza nilianza na ubao, nikautafutia buti baadaye. Muuzaji wa duka moja akanipa buti kubwa kwa namba mbili, akisema nitahitaji nafasi ya soksi nene. Miezi mitatu nilirudi nyumbani na mifupa ya mbele ya miguu imevimba, vidole vimekufa ganzi, nikiamini kwamba mchezo huu una watu wake. Mwaka uliofuata rafiki alinipeleka kupimwa mguu, nikapata buti la kunitosha, na siku ileile nikaanza kugeuza ubao pale ninapotaka. Nilikuwa mtu yuleyule, kwenye mteremko uleule. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia miguuni, na ubao unauweka mwisho.

Kabla ya kununua: kodi siku mbili au tatu

Usinunue chochote kabla hujaanguka kwanza. Kila kituo cha kuteleza kina duka la kukodisha ubao, vifungio, buti na helmeti. Sisi wa Calgary tuna bahati ya kilima kilichomo ndani ya jiji, Canada Olympic Park, palipofanyika mashindano ya kuruka kwa ski, zile mbao mbili nyembamba za kufunga miguuni, kwenye Olimpiki ya mwaka 1988. Si kirefu, na kwa anayeanza hiyo ni neema: unashuka, unaanguka, unapanda tena bila kuendesha gari saa nzima na nusu hadi milima ya Banff.

Lipia somo pamoja na kukodi. Katika siku hizo mbili au tatu utagundua mambo matatu ambayo hakuna muuzaji anayeweza kukuambia. La kwanza, kama mchezo unakupendeza. La pili, kama unastahimili baridi. La tatu, mguu gani unatangulia. Anayetanguliza mguu wa kushoto huitwa regula, anayetanguliza wa kulia huitwa gufi, na hakuna aliye bora kuliko mwenzake. Ukitaka kukisia ukiwa nyumbani, vaa soksi, kimbia hatua chache kwenye sakafu laini kisha jiachie uteleze. Mguu uliotangulia wenyewe, bila kufikiri, mara nyingi ndio wako. Mguu unaopigia mpira si kipimo cha kutegemea.

Wasomaji walioko Dubai na Oman, ninyi kwa sehemu kubwa mmeondolewa mzigo huu. Pale Ski Dubai, uwanja wa ndani uliofunguliwa mwaka 2005, koti, suruali, buti na ubao hutolewa pamoja na tiketi. Jifunzieni hapo, na pesa zenu ziwekeni hadi siku mtakayosafiri kwenda mlimani.

Hatua ya kwanza: buti

Hapa ndipo nitakapokaa muda mrefu, kwa sababu hapa ndipo pesa yako ina kazi kubwa kuliko mahali pengine popote.

Ubao wa theluji huendeshwa kwa kingo zake za chuma. Ukitaka kugeukia upande wa vidole, unasukuma goti na mfupa wa mbele wa mguu. Buti linabana kifungio, kifungio kinabana ubao, na ukingo unauma theluji. Ukitaka upande wa kisigino, unakaa nyuma kidogo kana kwamba kuna kiti, na buti linavuta. Sasa fikiri kisigino chako kinanyanyuka sentimita moja ndani ya buti. Kila amri unayotoa inapotelea katika hiyo sentimita moja kabla ubao haujaisikia. Unachelewa, unaongeza nguvu, ubao unageuka ghafla, unaanguka. Wengi wanaosema hawana kipaji wana buti bovu.

Pima mguu hivi. Jioni, miguu ikiwa imeshavimba kidogo kwa kazi za siku, simama kisigino kikigusa ukuta, karatasi ikiwa chini. Weka alama mwisho wa kidole kirefu kabisa, pima kwa sentimita. Fanya miguu yote miwili, chukua kipimo cha ule mrefu. Namba hiyo ndiyo saizi yako kwa mfumo unaoitwa mondopointi, ambao unafuata urefu wa mguu wenyewe. Sentimita 24 ni buti la 24, linalokaribiana na namba 38 ya Ulaya. Sentimita 27 ni kama namba 42. Usishangae ikitoka ndogo kuliko viatu vyako vya kila siku. Viatu vya mtaani tumezoea kuvivaa vikiwa na nafasi.

Dukani, vaa soksi moja tu ndefu, nyembamba au ya unene wa wastani, ya sufi au nyuzi za kutengenezwa. Usivae ya pamba, na usivae mbili. Soksi mbili hukunjana, hubana mishipa, na damu isipofika vidoleni mguu hupoa hata ungekuwa na buti la bei gani. Ingiza mguu, gonga kisigino chini mara mbili tatu ili kiingie mahali pake, kisha funga. Ukisimama wima, vidole viguse mbele kwa wepesi. Ukikunja magoti, virudi nyuma kidogo na viache kubanwa. Hiyo ndiyo alama ya buti sahihi, na wengi huipuuza kwa sababu ule mguso wa mwanzo unawatisha. Kisha simama kwa vidole: kisigino kibaki mahali pake ndani ya buti, kisipande.

Kisha kaa nalo. Dakika 15 hadi 20, ukitembea dukani, ukikunja magoti, ukipiga soga na muuzaji. Shinikizo la kuzunguka mguu mzima halina shida, kwa kuwa buti jipya hulegea baada ya siku kadhaa. Maumivu ya mahali pamoja, juu ya unyayo au kwenye kifundo, ni kitu kingine. Hilo buti liache hata kama limepunguzwa bei. Maduka mengi hupasha joto sehemu ya ndani ya buti ili ifuate umbo la mguu wako. Uliza kama huduma hiyo imo kwenye bei.

Ugumu wa buti hupimwa kwa namba, aghalabu 1 hadi 10. Anayeanza achukue 2 hadi 4, yaani laini. Buti gumu linajibu haraka, na kwa mtu ambaye bado anakosea, kosa dogo hugeuka kuwa anguko. Kuhusu kufunga, kuna kamba za kawaida, kuna za kuvuta haraka, na kuna gurudumu la Boa linalokaza waya kwa kuzungushwa. Vidole vikiwa vimeganda kwa nyuzi joto 20 chini ya sifuri, gurudumu ni faraja kubwa. Ikiwa linakuongezea dola 80 usizokuwa nazo, kamba zinatosha.

Buti la mitumba? Mimi sikushauri, ila kama limevaliwa siku chache tu. Sponji ya ndani imeshafuata mguu wa mtu mwingine, na ikishalegea hairudi.

Hatua ya pili: kichwa na mikono

Helmeti nunua mpya. Kofia hizi zimetengenezwa zipokee pigo kubwa kwa kujiponda zenyewe ndani, na pigo hilo huwezi kuliona kwa nje. Ya mitumba hujui ilipitia nini. Tafuta ndani yake lebo ya ASTM F2040 au EN 1077, ambazo ndizo alama za viwango vya helmeti za theluji. Helmeti ya baiskeli haifai kazi hii.

Pima mzunguko wa kichwa juu kidogo ya nyusi. Hapa nina neno kwa dada zangu. Pima ukiwa na mtindo wa nywele utakaokuwa nao msimu mzima. Mpwa wangu alipimwa akiwa amefumua, akasuka rasta wiki iliyofuata, helmeti ikakaa utosini kama kikombe. Tukairudisha, tukachukua kubwa zaidi yenye gurudumu la kurekebisha nyuma. Rasta zifungwe chini, shingoni; fundo la juu ya kichwa halikubaliani na helmeti. Anayevaa hijabu avae ile nyembamba ya michezo, isiyo na pini, aijaribie helmeti juu yake palepale dukani. Kipimo cha mwisho ni kutikisa kichwa kamba ikiwa haijafungwa: ngozi ya paji la uso itembee pamoja na kofia.

Vikinga vya vifundo vya mkono ndicho kifaa cha bei ndogo kinachosahauliwa kuliko vyote. Mtu akiteleza hunyosha mkono kujizuia, na kwa wanaoanza snoubodi kifundo cha mkono ni miongoni mwa sehemu zinazoumia mara nyingi zaidi. Vinunue, vivaliwe chini au ndani ya glavu. Na jifunze kuanguka ukiwa umekunja ngumi, ukitua kwa mikono yote hadi kiwiko. Kaptula yenye sponji kwenye makalio na mkia wa uti wa mgongo pia si anasa, hasa hapa kwetu ambapo upepo wa joto uitwao chinook huyeyusha theluji mchana, usiku ikaganda, na asubuhi mteremko ukawa kama sakafu ya saruji.

Miwani ya theluji: usihangaike na bei kubwa. Angalia mambo mawili. Iingie kwenye helmeti yako bila kuacha mwanya kwenye paji la uso, na kioo kiendane na mwanga. Vioo vimepangwa kuanzia S0 hadi S4. S1 hupitisha asilimia 43 hadi 80 ya mwanga na hufaa siku za mawingu. S3 hupitisha asilimia 8 hadi 18 na ni ya jua kali. Ukiwa na pesa ya kioo kimoja tu, S2 itakufikisha. Ukungu ukiingia ndani usifute kwa kidole, kwa sababu unaondoa utando unaozuia ukungu wenyewe. Iache ikauke.

Hatua ya tatu: nguo

Nitapita haraka, maana nguo nyingi pengine unazo.

Anayeanza hukaa kwenye theluji muda mrefu kuliko anavyosimama. Kwa hiyo suruali ina kazi kuliko koti. Koti la baridi la kawaida linaweza kukuvusha msimu wa kwanza, suruali ya jinzi haiwezi: inalowa, inaganda, na siku yako imekwisha. Kwenye lebo tafuta uwezo wa kuzuia maji wa milimita 10,000. Maana yake ni kwamba kitambaa kinastahimili uzito wa safu ya maji ya kimo hicho kabla hakijavuja. Mishono iwe imezibwa kwa ndani. Suruali na koti ndipo mitumba inapofaa kweli; maduka ya nguo zilizotumika katika miji ya theluji hujaa Septemba na Oktoba.

Chini ya hapo, nguo ya kubana mwili ya sufi au nyuzi za kutengenezwa, halafu sweta jepesi la manyoya ya plastiki. Pamba ibaki nyumbani, kwa sababu hunyonya jasho na kulishika. Glavu za kidole kimoja, zile ambazo vidole vinne vinakaa pamoja, huhifadhi joto kuliko zenye vidole vilivyotengana.

Hatua ya nne: ubao

Sasa umefika. Siku zile za kukodi umekwisha kuonja mbao kadhaa, na buti unalo, jambo ambalo litakusaidia kuchagua upana.

Urefu hufuata uzito wako kwanza, kimo baadaye. Ubao ni kama springi: mzito hukandamiza zaidi, kwa hiyo anahitaji mrefu zaidi. Kanuni ya zamani ya kusimamisha ubao na kuona kama unafika kati ya kidevu na pua inakupa picha ya haraka tu. Jedwali la mtengenezaji lina ukweli zaidi. Kwa kukadiria, mwanamke wa kilo 58 atafutie kati ya sentimita 143 na 148. Mwanamume wa kilo 70, kati ya 150 na 156. Wa kilo 80, kati ya 154 na 160. Anayeanza achukue upande mfupi wa kipimo chake. Ubao mfupi hugeuka kwa urahisi.

Upana ni hesabu ya buti. Weka buti juu ya ubao mahali pa kifungio, kwa pembe utakayosimamia. Ncha ya buti na kisigino vitokeze kidogo pande zote mbili, kama sentimita moja au mbili, kwa usawa. Vikitokeza sana, buti litakwaruza theluji ukilaza ubao na litakung'oa. Ubao ukiwa mpana kuliko buti, utauona mzito kuuhamisha kutoka ukingo hadi ukingo. Wenye mguu wa namba 43 au 44 na kuendelea waulize mbao pana. Ule wa picha ya mpwa wangu, hata kwa bure, angekuwa anausukuma kama mkokoteni.

Umbo la chini nalo lina maana. Ulaze ubao sakafuni utazame kwa ubavu. Kuna ulionyanyuka katikati kama upinde na kugusa chini karibu na ncha zote mbili. Huu hushika barafu vizuri na humwadhibu anayekosea ukingo. Kuna uliopinda kinyume, katikati chini na ncha zimenyanyuka kama mtumbwi. Huu husamehe sana, ila hutangatanga kwenye barafu. Kuna bapa, na kuna mchanganyiko. Ushauri wangu kwa wa kwanza ni bapa katikati, ncha zikinyanyuka kidogo. Unasamehewa makosa na bado ukingo unashika asubuhi za barafu. Ugumu uwe wa chini au wa kati. Umbo liwe la ncha mbili zinazofanana au zinazokaribiana, ili uweze kujifunza kushuka kwa mguu wowote mbele.

Ubao, tofauti na buti, unaweza kununuliwa wa mitumba bila hofu ukiujua kuukagua. Pitisha kidole kwenye chuma cha pembeni mzunguko mzima. Kutu nyepesi hutoka kwa jiwe la kunolea, ufa hautoki. Geuza chini: mikwaruzo ya juujuu ni kawaida, lakini ukiona mbao za ndani au nyuzi, maji yameshapata mlango. Bana ncha kwa vidole uone kama tabaka zinaachana. Kagua matundu ya skrubu kama meno bado mazima.

Hatua ya tano: vifungio

Vifungio vifuate vitu viwili ambavyo tayari umevichagua. Saizi, ambayo huandikwa S, M au L, hulingana na buti. Mfumo wa matundu hulingana na ubao. Mbao nyingi zina matundu yaliyopangwa kwa sentimita nne kwa nne, au mbili kwa nne, na visahani vya vifungio vingi huingia kote kuwili. Mbao za Burton zina mfereji mrefu badala ya matundu, na baadhi ya vifungio vya kampuni hiyo huingia kwenye mfereji huo tu. Vilevile vifungio vya Step On, vya kukanyaga vikajifunga, vinataka buti lililotengenezwa kwa ajili yake. Uliza kabla hujalipa. Kwa wa kwanza, vifungio vya mikanda miwili, laini au vya wastani, vinatosha kabisa.

Kuvifunga fanya mwenyewe, ili siku kikilegea mlimani ujue la kufanya. Unahitaji bisibisi ya msalaba namba 3. Upana wa kusimama uanze na alama za katikati zilizo kwenye ubao, takribani upana wa mabega au zaidi kidogo. Pembe: mguu wa mbele nyuzi 15 kuelekea mbele, wa nyuma nyuzi 6 hadi 15 kuelekea nyuma, vidole vikitazama nje kama miguu ya bata. Magoti yako yatakuambia kama ipunguzwe.

Pesa na majira

Kwa bei nilizozizoea madukani hapa Kanada, buti jipya la anayeanza ni kama dola 250 hadi 350, ubao 400 hadi 550, vifungio 200 hadi 300, helmeti 80 hadi 150. Hesabu hiyo humtisha mtu, na ndiyo maana hupaswi kuilipa kwa mara moja. Ukimaliza siku zile za kukodi, nunua buti, helmeti na vikinga vya mikono. Msimu mzima kodi ubao na vifungio. Maduka mengi yana mkataba wa msimu wenye nafuu kuliko kukodi siku kwa siku. Machi na Aprili maduka yanapofuta ghala, ndipo ununue ubao, ukiwa umeshajua unachotaka. Mchoro wa mwaka jana hauteremki polepole kuliko wa mwaka huu.

Mpwa wangu alifuata mpangilio huo. Alikodi hadi Machi, akapata ubao wa sentimita 145 uliotumika msimu mmoja, na vifungio vipya vilivyopunguzwa bei. Aliniambia kilichompa moyo ni kujua kwamba mwaka 1998, kwenye Olimpiki ya Nagano ambako snoubodi ilishindaniwa kwa mara ya kwanza, Mkenya Philip Boit alikuwa huko pia, akishindana kwenye ski za nyika.

Siku aliyoushusha ubao wake mara ya kwanza nilimsimamisha chini ya lifti ya kupandia mlima baada ya mteremko mmoja tu, nikatoa bisibisi mfukoni. Skrubu mbili kati ya nane zilikuwa zimelegea. Hutokea karibu kila mara vifungio vikiwa vipya, kwa hiyo beba bisibisi siku hiyo, na uzikaze zote kabla ya kupanda tena.